Siku Kumi na Nne Chini ya Kihenge

Kitu cha kwanza nilichokiona ni doa. Lilikuwa la kijani, bichi kama mlenda uliopondwa, na lilikuwa limeganda kwenye ukingo wa tenga ambalo Shangazi Paskazia alikuwa amelipakata tangu Kahama. Watu wengine walikuwa wanamtazama Shangazi mwenyewe, kitenge chake kipya na viatu vyake vya mkanda. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kumwamkia, na kwa kuwa siku zote natazama chini, macho yangu yakawa sawasawa na tenga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Huyu ndiye Limi? Mbona sauti haitoki, imebaki tumboni?"

Watu wakacheka. Ndani ya tenga alikuwamo jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye mkia wa kung'aa. Alikuwa amefumba macho. Nikafikiri, amechoka na barabara.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa kumi, mwaka 1983, na Shangazi alikuwa amekuja kwetu, kijiji cha jirani na Ushirombo, kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mdogo wangu Coletha. Yeye ni dada wa baba, dada mkubwa, aliyeolewa Kahama mjini. Akija yeye, baba anavaa shati hata kama ni jioni.

"Nimeleta jogoo wa mbegu," alimwambia mama. "Kuku wako nasikia wamejaa, lakini jogoo wao ni yule yule, anapanda watoto wake."

Hapo alisema kweli. Mama alikuwa anatafuta jogoo wa mbali tangu masika. Akampokea kwa mikono miwili, akapiga magoti, akashukuru. Kisha akachukua kamba ya katani, akamfunga jogoo mguu mmoja, akampeleka chini ya kihenge cha mtama, akamwekea maji kwenye kigae chake peke yake.

Shangazi akasimama.

"Wifi. Ndiyo nini hiyo?"

"Anapumzika, wifi. Siku kumi na nne, halafu anaungana na wenzake."

"Anapumzika? Amechoka na nini, alikuja kwa miguu?"

"Ndivyo banda langu lilivyo. Kuku yeyote anayetoka nje."

"Siku kumi na nne!" Shangazi alimgeukia baba. "Maganga, hata mahabusu hawakai hivyo bila kuambiwa kosa."

Baba alicheka kidogo, akaangalia miguu yake.

*

Mama hakuwa na kitu chake mwenyewe isipokuwa kuku. Ng'ombe walikuwa wa baba, pamba ilikuwa ya baba, hata jembe likivunjika aliyeulizwa ni baba. Kuku walikuwa thelathini na wanne, na mama alijua ukoo wa kila mmoja.

Banda lao alilijenga juu ya miti, ardhi isiguse, na miti ile aliipaka oili chafu iliyotoka kwenye trekta la kijiji, chawa na utitiri wasipande. Kila Jumamosi nilifagia kinyesi nikakipeleka bustanini. Kwenye kona ya uwanja alichimba shimo la majivu, kuku wakaoga humo. Vifaranga aliwafunika kwa tenga mpaka wawe na manyoya ya kumshinda mwewe. Mtetea aliyezeeka hakumbakiza kwa huruma, na jogoo hakumbakiza zaidi ya miaka miwili. Na mgeni alikaa chini ya kihenge siku kumi na nne, siku moja mstari mmoja wa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Aliyemlisha mgeni hakuingia bandani mpaka anawe miguu kwa maji na majivu.

Hayo aliyapata kwa mama yake. Lakini zamani kila mji ulikuwa peke yake katikati ya mashamba yake. Mwaka wa sabini na nne tulipohamishwa, nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, na kuku wa watu wote wakawa wanachakura jalala moja. Ndiyo maana mama alizidi ukali. Majirani walimtania. Mzee Jilala, mlango wa pili, alikuwa akipita anauliza, "Mama Limi, leo gereza lina wafungwa wangapi?"

Mwaka ule ukali wake ulikuwa na sababu nyingine. Mimi nilitolewa shule darasa la tano nimuuguze bibi, na bibi alipofariki nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu, nikaona haya kurudi. Mama akaenda misheni kwa masista, akazungumza na Sista Febronia wa darasa la ushonaji. Wakakubaliana. Mwezi wa kwanza mama apeleke mitetea ishirini, wazima, wanaotaga, na mimi nisome cherehani miaka miwili.

"Sista, watakuwa wazima," mama alimwambia. "Kwangu hajafa kuku kwa ugonjwa mwaka wa nne sasa."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeuma pindo la kanga. Nilizitazama zile cherehani kupitia dirisha. Zilikuwa sita.

*

Kwao baba, kuku aliyeletwa na shangazi huachiwa uani mbele ya macho yake. Akiingia kwa miguu yake katikati ya kuku wa mji, basi aliyemleta naye amepokelewa. Akifungwa, ni kama mgeni ameachwa amesimama mlangoni. Mama alilijua hilo. Alilijua tangu alipochukua kamba.

Jumamosi mchana mama alipika wali, mchele ambao tulikuwa tumeufungia tangu mavuno, akachinja mtetea mnene. Firigisi akaiweka juu, akaitenga mbele ya Shangazi.

Shangazi aliosha mikono, akaikausha kwenye kitenge, akaiweka mapajani.

"Wifi, karibu," mama alisema.

"Nimeshiba."

"Tangu jana hujala kitu, wifi."

"Wako mimi nimle, wangu wewe umfunge?"

Majirani wawili walikuwa wamekuja kumsalimu mgeni. Wakawa wanatazama kuta. Baba akakohoa.

"Mama Limi, mfungue tu. Jogoo mwenyewe mzima."

"Baba Limi, leo ni siku ya pili."

"Nimesema mfungue."

"Nimesikia." Mama alikuwa bado amepiga magoti, sauti yake ndogo. "Nitamfungua siku ya kumi na nne."

Sikuwahi kumsikia mama akimjibu baba hivyo mbele ya watu. Nadhani hata baba hakuwahi. Alishika kofia yake, akaiweka tena mahali pake.

Ndipo Shangazi aliposema, polepole, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi:

"Salvina, ng'ombe kumi na wawili waliokutoa kwenu walitoka kwenye mahari yangu mimi. Mimi niliolewa ndipo kaka yangu akaoa. Wale ng'ombe walipofika kwa baba yako, walifungwa chini ya kihenge?"

Mama alinyanyuka. Alichukua sahani, akairudisha jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, ana kipande cha mkaa mkononi. Alichora mstari wa pili. Kisha akaficha uso kwenye moshi, akajifanya anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

"Kesho asubuhi baada ya misa naondoka," Shangazi alikuwa akisema nje. "Komunyo nitaiona. Chakula cha sherehe kuleni ninyi."

*

Jumapili walitoka mapema kwenda misheni, Coletha mbele na gauni lake jeupe la kuazima. Mimi nilibaki na masufuria.

Baba alirudi wa kwanza, kabla ya matangazo, maana ng'ombe alikuwa amewaacha na mtu asiyemwamini sana. Alipita moja kwa moja zizini. Wengine walikuja baadaye, na walipoingia uani Shangazi akapiga kigelegele kilichomfanya Mzee Jilala atoke nje kutazama.

Jogoo mwekundu alikuwa katikati ya mitetea. Alikuwa anachakura kando ya shimo la majivu, kipande cha kamba kikining'inia mguuni.

"Mmeona!" Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mmeona? Jogoo ana akili kuliko wenye mji! Limi, leta maji ninawe, leo nakula mpaka sahani."

Mama alikwenda kihengeni. Akakifungua kipande cha kamba kilichobaki kwenye mti, akaitazama ncha yake, nyuzi zimechanuka. Akamtazama baba, aliyekuwa anatoka zizini.

"Katani imechakaa," baba alisema. "Imekatika, basi. Mungu ameamua."

Mama alikunja kile kipande cha kamba, akakitia kwenye pindo la kanga yake. Kumkamata jogoo tena kusingesaidia, alikuwa ameshakula na kunywa na wote. Na wageni walikuwa wanaingia. Akafunga kanga vizuri, akaenda kupakua.

Shangazi alikula vipaja viwili. Jioni alimkumbatia mama, na Jumatatu aliondoka na lori la pamba, anapunga mkono mpaka vumbi likamficha.

*

Jumanne jogoo alisimama peke yake kando ya ukuta, mabawa yameshuka. Jumatano alikuwa amekufa. Mama alimchukua kwa jani la mgomba, akamzika mbali, akarudi akanawa mpaka viwiko. Kisha akaniita.

"Kuanzia sasa usikanyage bandani. Kazi yako ni huyu tu."

Jikoni, nyuma ya mafiga, mtetea mmoja mweusi mwenye shingo tupu alikuwa anaatamia mayai tisa kwenye chungu kilichovunjika. Alikuwa na wiki moja tu pale na hakuwa amekutana na yule jogoo mwekundu. Mama akafunga mlango wa jiko kwa mti, akahamishia moto nje. Mimi nikawa namlisha yule mweusi na kumwekea maji, nikiingia nimenawa, nikitoka nafunga.

Wengine walianza Jumatatu iliyofuata. Kwanza wanazubaa, halafu wanakoroma kama mtu mwenye mafua, halafu ule uharo wa kijani. Baadhi walipinda shingo, wakazunguka mahali pamoja mpaka wakaanguka. Asubuhi moja walikuwa wanne, kesho yake saba.

Bwana Ansgar, bwana mifugo, alifika kwa baiskeli. Alimshika mmoja, akamfunua kope, akamrudisha chini taratibu.

"Mdondo."

"Dawa yake?" mama aliuliza.

"Mgonjwa hana dawa, mama. Kuna chanjo, lakini ya wazima, kabla. Nayo inakaa kwenye baridi, na chupa moja ni ya kuku mia. Ukiifungua imekwisha siku hiyo hiyo. Nani kijijini hapa ana kuku mia?" Alinawa. "Huu umetoka Kahama. Kule wanakufa tangu mwezi uliopita, mitaa mizima."

Mama alinyanyua uso. "Mtaa gani?"

Akautaja. Ulikuwa mtaa wa Shangazi.

Baadaye tulijua yote. Kuku wa Shangazi walikuwa kumi na wawili, wakafa kumi na mmoja ndani ya wiki moja. Akabaki jogoo mwekundu, mzuri, amesimama. Shangazi hangeweza kuja kwa kaka yake mikono mitupu, na hangeweza kusema kwamba kwake hakuna tena kuku. Akamtia kwenye tenga.

Mama alichimba shimo refu nyuma ya choo. Mzee Jilala akaja na sufuria.

"Mama Limi, unazika kitoweo? Watu hatujaonja nyama tangu Pasaka!"

"Mzee wangu, manyoya yake yatatembea nyumba hadi nyumba. Maji utakayomwoshea, kuku wako watayanywa."

"Mimi nitayanywa mwenyewe. Nipe wawili tu, hawa wa leo."

Mama akamkatalia, akafukia. Lakini majirani wengine walikuwa wameshapeleka kuku wao sokoni kabla hawajafa, na wengine walikula, na mizoga ilitupwa jalalani. Mwezi ulipokwisha, asubuhi kijiji kizima hakikuwa na jogoo wa kuwika. Tuliamshwa na punda.

Katika thelathini na wanne wa mama, ukiwatoa waliochinjwa kwa wageni, walibaki watatu. Yule mweusi wa jikoni, na vijogoo viwili vilivyougua vikapona, kimoja shingo upande. Yule mweusi aliangua saba.

*

Mwezi wa kwanza tulikwenda misheni, mama na mimi, hatuna tenga. Sista Febronia alitukaribisha kwenye benchi.

"Pole, mama. Na sisi tumepoteza arobaini." Alivua miwani, akaifuta. "Lakini nafasi, kuna binti amekuja na baba yake, amelipa. Labda mwakani."

"Mwakani," mama alisema. "Asante, Sista."

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwenye daraja la miti mama alisimama, akajifanya anatoa mwiba.

"Limi. Nisamehe."

"Mama..."

"Nilisimama siku mbili, nikachoka. Ningelala pale chini ya kihenge na yule jogoo. Nilijua baba yako atamhurumia dada yake, na bado nikaenda kanisani." Alirudisha mguu chini. Hapakuwa na mwiba. "Cherehani yako nimeipoteza mimi."

"Si kitu, mama," nilisema.

Ndivyo nilivyosema. Maneno matatu, na nikatembea nyuma yake mpaka nyumbani.

Kwa baba alisema mara moja tu, jioni, akichambua mboga. "Ulimfungulia dada yako jogoo, ukanifungia mimi mlango." Baba alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Aliendelea kuuchonga. "Imekwisha, mama Limi," akasema. Hakukataa.

*

Hiyo mwakani ilipofika nafasi haikuwepo, na mwaka uliofuata nilichumbiwa. Siwezi kusema nimeishi vibaya. Nashona kwa mkono.

Mama alianza tena na yule mweusi na vifaranga vyake saba. Na yeye, ambaye alikuwa haendi kwa watu ila kwenye msiba, alipita nyumba kwa nyumba mstari mzima akiomba watu wakubali siku moja kuku wao wasifunguliwe asubuhi. Walikubali kwa sababu wote walikuwa wamezika au wamekula. Mwezi wa nane Bwana Ansgar alikuja na chupa ya chanjo ndani ya flaski ya chai yenye barafu, kutoka kwenye friji la mafuta ya taa la masista. Kuku walikuwa tisini na sita. Tone moja, jicho moja.

"Tone tu?" Mzee Jilala aliuliza. "Basi nitie na mimi, hili la kushoto linaniuma."

Tangu hapo kila baada ya miezi minne walirudia, na mdondo ulipopita tena kijiji cha jirani, kwetu majogoo waliwika.

Shangazi hakuja miaka mitatu. Alipokuja alikuwa na mtetea kwenye tenga. Hakumpa mama mkononi. Alimpeleka mwenyewe chini ya kihenge, akamfunga, kisha akaingia jikoni akaomba mkaa, akachora mstari wa kwanza. Mama alimtazama, akamletea kigoda. Usiku huo walilala kitanda kimoja wakizungumza.

Ni Shangazi aliyeniambia, mwaka jana, tulipokuwa kwenye matanga ya baba. Tulikuwa tunaosha vyombo. "Baba yako aliniuliza kama nilimfungua yule jogoo mimi," alisema. "Aliniona asubuhi ile nimesimama pale kihengeni, namrushia mtama. Nikamwambia sikumgusa. Hakuniamini, marehemu. Akaamua kunibebea lawama."

Na siku tuliyoanua matanga, mama alikaa mlangoni na wanawake wenzake, wakawa wanamsema baba kwa wema. Mama naye akasema: "Alikuwa mtu mzuri. Miaka yote alinikosea mara moja tu. Ile ya kamba."

Wanawake wakaguna. Mimi nilikuwa nimebeba maji. Niliyaweka chini, nikafungua mdomo, na sauti ikabaki tumboni, kama Shangazi alivyosema siku ile.

Mama hajui kusoma. Haya nitamsomea mimi, na nikifika hapa sitaruka.

Mama, baba hakukukosea. Wali ulikuwa unaiva na nyumba ilikuwa kimya, nikaona mistari yako miwili ukutani, nikakumbuka ulivyoficha uso kwenye moshi. Nilitaka Shangazi ale, akuache. Nilichukua kamba nikaisugua kwenye ncha ya jiwe la kusagia mpaka ikakatika yenyewe, ili pasiwe na aliyeifungua. Na lile doa nilikuwa nimeliona tangu Ijumaa. Ni mimi, mama.